Koki Mbili za Nyumba ya Haji Gedi

Ninyi mnaoingia kazi hii sasa, na mapaipu yenu ya plastiki yanayoungwa kwa moto, nawauliza swali moja kabla sijaanza. Mkifika kwenye nyumba mpya mnaangalia nini kwanza? Msinijibu, najua. Mnaangalia ukuta uko wapi, halafu mnatoa simu kumwambia mwenye nyumba alete vifaa. Nimewaona. Naketi barazani kwangu hapa Garissa, magoti yamekataa kazi, nawatazama mkipita na mashine zenu begani, na roho inaniuma.

Mimi ni Komora, Mpokomo wa Hola. Kazi ya bomba nilijifunza Mombasa kwa mzee mmoja mkali aitwaye Kitsao, na Garissa nilikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati mji ulikuwa unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Ukame ulikuwa umewamaliza ng'ombe, watu wa nyika wakaingia mjini. Upande wa Dadaab kambi zimejaa wakimbizi, malori yanapita mchana kutwa, na kila mwenye biashara alitaka nyumba ya mawe yenye bafu ndani. Sasa fikirini wenyewe. Mtu ameishi maisha yake yote katika nyumba inayobebwa na ngamia, leo anajenga bafu, hajui aliweke wapi. Na fundi aliyemleta kutoka Nairobi naye hajui mtu huyu anaogaje. Kwa miaka yangu yote hapa nimeshtuka mara nyingi kuliko fundi wa umeme.

Mzee Kitsao alikuwa na mtindo wake. Kabla hajachora mstari hata mmoja ukutani, alikuwa akituamuru tuchuchumae pale choo kitakapokaa, na suruali zetu mwilini, mbele ya waashi wote wanaocheka. "Nyoosha mkono wa kulia," anasema. "Unafika wapi? Tia alama hapo. Hapo ndipo mfereji." Basi. Maana mkono wa kulia ndio unaomwaga maji na wa kushoto ndio unaosafisha, na mfereji wa kufungulia maji ukiukosa mkono wa kulia umemharibia mtu siku yake mara kadhaa kwa siku, mpaka afe au ahame.

Mnacheka? Kulikuwa na afisa mmoja mnene hapa mjini, nyumba yake mpya ilifungwa bomba na fundi mgeni. Yule bwana akauweka mfereji nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu paipu ilikuwa fupi. Nilipoitwa kurekebisha nilimkuta afisa ameketi kitandani, bega limefungwa bendeji, hawezi hata kushika kikombe. Alikuwa amejipinda kuufikia mfereji, akateleza, akaangukia bega. "Nilipigana vita mpakani sikupata jeraha," akaniambia, "nikaja kuumizwa na choo." Nilikwenda kukiangalia kile choo nikabaki mdomo wazi. Mfereji ule ungeufikia tu kama una mkono mgongoni.

Na mambo ya joto je? Msipitishe paipu ya chuma juu ya bati. Nasema tena, msipitishe. Nilikuwa kwa jirani siku moja mchana, mzee wa nyumba akaingia bafuni kutia udhu kwa sala ya adhuhuri. Bafu jipya, siku yake ya kwanza. Akafungua mfereji kwa furaha zote. Ukelele alioutoa ulifika sokoni! Paipu ilikuwa imelala juu ya bati tangu asubuhi, na jua la Garissa mnalijua. Mkono ulimwiva. Tangu siku ile nilichimba mitaro, nikazika kila paipu chini, na matangi nikayapaka chokaa. Watu wakaniona mpenda kazi ngumu.

Jambo jingine ni koki. Sizungumzii mfereji, ule wa mwisho unaonawia. Nazungumzia kile kigurudumu kinachokaa njiani, kwenye paipu, cha kufunga na kufungua maji kabla hayajafika. Hapa kwetu koki ikikaa miezi bila kuguswa inaganda. Maji ya Tana yana tope, chuma kina kutu, vikikutana humo ndani vinashikana kama simenti. Mwambieni mwenye nyumba azizungushe koki zake mara kwa mara. Hatazizungusha. Hakuna anayezungusha. Katika maisha yangu yote nimekuta nyumba mbili tu, hapana, nyumba moja, ambayo koki zake ziliharibika kwa kuzungushwa mno. Hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Ilikuwa nyumba ya Haji Gedi, mfanyabiashara wa mifugo. Alikuwa akinunua madume Modogashe na Habaswein, anawauza hapa mjini. Alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa, Dahabo, ambaye sote tulimwita Mama Hassan, alikaa Modogashe na mifugo. Mke mdogo, Sahra, alikaa hapa mjini katika nyumba ya kupanga. Ukame ulipokwisha kuwala wanyama, Haji akaamua kumleta Dahabo mjini. Akajenga nyumba moja ndefu yenye pande mbili, kila mke na upande wake, vyumba vyake na bafu lake, na katikati sebule ya wageni.

Dahabo alikubali kuja kwa sharti. Alilitoa mbele ya kaka zake na wazee wa ukoo: atakachopata Sahra naye apate, kisipungue hata kijiko. Siku akiona amepunjwa atapanda lori na watoto wake arudi Modogashe, na Haji asimfuate. Haji akaapa. Na si kwamba aliogopa wazee tu. Alimwogopa Mungu kwa kweli. Alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba mwanamume anayependelea mke mmoja atafufuliwa mwili umeinamia upande. Akiwa na wasiwasi alikuwa anajigusa bega, la kulia, kisha la kushoto, kama anayehakikisha yako sawa. Nilidhani ana maumivu, mpaka aliponieleza.

Siku vifaa viliposhuka kwenye lori kutoka Nairobi niliyaona mambo. Vyoo viwili sawa, sinki mbili nyeupe sawa, lakini moja imemeguka pembeni, kipande kidogo kama ukucha. Nikamwambia, "Haji, si neno. Nitageuza upande uliomeguka uangalie ukuta, hakuna atakayeona."

"Hiyo ni ya nani?" akauliza.

"Ya yeyote utakayetaka."

Akajigusa bega. Kabla sijajua anawaza nini, akaokota nyundo yangu chini, akaisogelea ile sinki nzima, akaigonga pembeni. Pa! Kipande kikaruka.

"Haji!" nikapiga kelele. "Unafanya nini?"

"Natengeneza haki," akasema. Akainama kuzilinganisha. Uso ukambadilika. "Lakini hii sasa imefunjika kubwa kidogo." Akainua nyundo, akageukia ile ya kwanza.

Nilimrukia nikamnyang'anya nyundo. Wallahi nilimnyang'anya, mtu mzima na ndevu zake za hina, maana tungelinganisha mpaka tubaki na vumbi. Waashi walikuwa wameshika matumbo kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na nyundo kifuani, nikiwaza, mtu huyu nikimkosea maji atanifanya nini?

Na maji yenyewe yalikuwa yameshakosewa. Hapa sikilizeni vizuri, maana makosa haya mnaendelea kuyafanya. Mnara wa tangi ulikuwa umeshajengwa kabla sijaitwa. Mwashi aliusimamisha karibu na lango kwa sababu bomba la mji linapita hapo, na lango liko upande wa Dahabo. Maji ya mnara hayana pampu, yanashuka kwa uzito wake tu. Njia ikiwa fupi yanafika kwa nguvu, ikiwa ndefu yenye kona yanafika yamechoka. Kwa hiyo kwa Dahabo yangetoka kwa kishindo, na kwa Sahra, mwisho kabisa wa nyumba, yangetiririka kama yamelazimishwa.

Nilipomweleza Haji nilitarajia atatulia. Si mke mkubwa ndiye mwenye masharti? Si yeye ndiye anayepata zaidi? Haji akaketi juu ya mfuko wa simenti.

"Dhuluma ni dhuluma, fundi. Hata ikienda kwa ule mtu anapiga kelele. Sahra hasemi kitu, lakini Mungu anaona maji yake."

Akataka paipu ya Dahabo niizungushe nyumba nzima mara moja ndipo iingie bafuni, ichoke nayo. Elbo za kona ngapi kwa Sahra, elbo hizo hizo kwa Dahabo. Nikamwambia aache, nina dawa. Chini ya mnara nikafunga koki mbili, moja kwa kila mke, kisha ile ya Dahabo nikaibana polepole, nusu ya mzunguko, robo, mpaka nguvu zikalingana, maana tangi ni moja, ukimbana mmoja maji yanaongezeka kwa mwenzake.

Siku ya kupima Haji aliwaita wote wawili. Ndoo mbili za aina moja, kila mke bafuni kwake. Haji kasimama sebuleni katikati, mimi chini ya mnara. Akapaza sauti, "Fungua!" Mifereji ikafunguka pamoja. Tukangoja. Sahra akaita kwamba yake imejaa, na sauti ya Dahabo ikamfuata palepale. Haji akainua mikono kushukuru. Nikaanza kukusanya vifaa vyangu.

"Bado," Dahabo akasema kutoka ndani. "Ndoo zibadilishane."

"Kwa nini?" Haji akauliza.

"Bengine ndoo yake ni kubwa."

Nikapigwa na butwaa. Katika kazi yangu nimewahi kupimwa maji, levo, mteremko, hata weledi wangu. Ndoo hazijawahi kupimwa. Tukabadilisha ndoo, tukarudia, zikajaa pamoja tena. Dahabo akatoka mlangoni, mwanamke mrefu mkavu wa jua, shuka limemfunika hadi kwenye paji. Akanitazama mara moja tu. "Sawa, fundi. Sasa naamini." Nilihisi nimefaulu mtihani.

Ilipita miezi mingi. Asubuhi moja Haji akanijia karakana, hana hata kofia. 

"Maji ya Dahabo imekufa," akaniambia kwa mnong'ono, ingawa tulikuwa peke yetu. "Jana ilikuwa zamu yake. Naingia kutawadha, maji inatoka kama machozi. Yeye bado hajajua. Njoo utengeneze kabla hajajua!"

"Haji, anatumia bafu lile kila siku. Atakosaje kujua?"

"Hajasema kitu. Angejua angekuwa Modogashe."

Nilikwenda. Chini ya mnara nikaikuta koki ya Dahabo imefungwa karibu yote. Ya Sahra iko wazi kabisa. Nikashtuka, maana niliiacha mwenyewe na alama ya rangi nyekundu. Nikairudisha kwenye alama, nikamwambia Haji labda ni watoto wanaocheza. Haji akaenda zake akijigusa mabega.

Hazikupita siku nyingi, akarudi. Nikaenda, imefungwa tena. Safari hii niliirudisha kwenye alama, nikaikaza kwa waya isizunguke. Akarudi mara nyingine, na waya umefunguliwa vizuri, umekunjwa, umewekwa juu ya jiwe. Mtoto hakunji waya.

"Ni Sahra," Haji akasema. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. "Au ndugu zake wanamfanyia. Wananiibia haki ya mwenzake katika nyumba yangu. Ijumaa naita wazee. Nitasema mbele yao, nitamrudisha kwao mpaka wajieleze."

"Haji, Sahra si amejifungua juzi?"

"Mtoto wa kike, alhamdulillah. Iko ndani ya arobaini yake."

"Mwanamke aliye katika arobaini hatoki nje. Atafikaje kwenye mnara?"

Hilo lilimzuia kidogo, halafu akasema basi ni ndugu zake. Akaniagiza sanduku la chuma la kufunika koki zote mbili, lenye kufuli, na ufunguo atakaa nao yeye. Sanduku likishafungwa, wazee waje Ijumaa waone alama yangu nyekundu na waamue.  Mtoto hana hata arobaini, na mama yake anakwenda kurudishwa kwao kwa ajili ya kigurudumu changu.

Sanduku lilipokuwa tayari nililibeba mchana, ule wakati Garissa yote imelala, hata punda wa maji wamesimama kivulini. Nilitaka kulifunga kabla ya alasiri. Nikasukuma lango polepole nisiamshe watu.

Dahabo alikuwa chini ya mnara. Ameinama, upande wa shuka ameuzungushia kiganja kwa sababu chuma kilikuwa kinaunguza, anaizungusha koki. Koki yake mwenyewe. Anaifunga!

Nilisimama pale na sanduku begani. Akili yangu haikukubali. Mwanamke aliyebadilisha ndoo! Mwanamke aliyemwapisha mume mbele ya wazee! Kama ningemkuta anaifungua zaidi nisingeshangaa hata kidogo.

Akaniona. Hakukimbia. Akamaliza mzunguko wake, akanyooka, akajifuta mkono.

"Fundi, umekuja na sanduku."

"Mama Hassan," nikasema, "unajifungia maji?"

"Yule msichana iko na mtoto mchanga," akasema, akitazama upande wa Sahra. "Nguo za mtoto, wageni wanawake wanaingia, wanatoka, joto hii. Mama yake iko mbali, Banissa. Nani atamchotea? Mimi nimezaa porini, mtungi moja nakunywa, mtungi hiyo hiyo naoga. Naweza kukaa na maji kidogo."

"Lakini Haji anadhani Sahra anakuibia! Ijumaa anaita wazee. Mwambie basi. Mwambie umempa."

Hapo ndipo alipokasirika. Alipiga kile chuma kwa kiganja.

"Nimwambie? Nikimwambia, leo atasema Dahabo amesamehe maji. Kesho atasema Dahabo hapendi makuu, ananyima mimi nguo ya Idi. Kesho kutwa atachukua zamu yangu. Sikiliza, fundi. Ile Haji anagawa, hiyo ni haki yangu, ikipungua tone moja nadai mpaka mbele ya Mungu. Ile mimi nagawa, hiyo ni yangu. Haji hana kazi nayo."

Nikakaa chini palepale, juu ya sanduku. Nilikuwa na miaka mingi katika kazi hii na nilidhani najua kugawa maji. Nilimhurumia Haji, nikamhurumia Sahra aliyelala ndani hajui anachopangiwa, na huyu mwanamke aliyesimama juani nikamheshimu mpaka nikaona haya kumtazama. Lakini hasira nilikuwa nayo pia. Siri yake ilikuwa inakwenda kumvunjia mwenzake nyumba, na nikamwambia hivyo.

 Nadhani hilo la Ijumaa hakuwa amelisikia. Uso ulimshuka.

"Hiyo sikutaka," akasema taratibu. "Wallahi hiyo sikutaka. Wewe ni fundi. Tengeneza."

Tengeneza! Kama vile ni mfereji unaovuja. Lakini nilikumbuka mzee Kitsao na ule mkono ulionyooshwa. Mfereji unawekwa pale mkono wa mwenyewe unapofika. Nikamwuliza, je, koki ingekuwa ndani ya bafu lake, chini ya ukuta, mahali pake, asingehitaji kuja mnarani?

Akafikiri. "Na Haji akiingia kutawadha?"

"Siku ya zamu yako unaifungua yote."

Kwa mara ya kwanza nilimwona Dahabo anacheka. Alijifunika mdomo kwa shuka.

Haji alipoamka nilimwambia mambo mawili, na yote ni kweli, mkiwa mafundi mnaweza kuyahakiki. La kwanza, sanduku na kufuli ni wazo zuri, nitafunga leo leo, na koki za mnara zitabaki kwenye alama yangu daima. La pili, bafu lolote lililopangwa vizuri lazima liwe na koki yake ndani, ili mfereji ukiharibika ufungwe hapo hapo bila kukata maji ya nyumba nzima. Mwashi wake hakuacha nafasi, mimi nitatoboa.

"Kwa wote wawili?" akauliza haraka.

"Kwa wote wawili. Koki za aina moja, urefu mmoja kutoka chini."

Alipumua. Ijumaa ilifika, maji ya Dahabo yalikuwa yanatoka kwa nguvu ileile ya siku ya ndoo, na Haji hakuita mzee yeyote. Ilikuwa ni zamu yake Dahabo, nilihesabu mwenyewe kwa hofu. Sahra akamaliza arobaini yake katika nyumba yake, na hakuna aliyemwambia alivyokuwa karibu kuondoka.

Nami nikaendelea na kazi zangu, nikachimba mitaro yangu, nikazeeka kidogo. Kabla muongo ule haujaisha zilikuja zile mvua za El Niño. Tana ikafurika, barabara zikakatika, na maji ya mji yakawa tope tupu. Mvua zilipokwisha niliitwa kila nyumba kufungua koki zilizoganda. Haji Gedi naye akaniita, lakini kwa jambo jingine. Mabafu yake yote mawili yalikuwa yanavuja ukutani.

Nilianzia mnarani. Kufuli lilikuwa limeshikwa na kutu, ufunguo haukuingia, tukalivunja. Koki za ndani ya sanduku zilikuwa zimeganda, zote mbili, spana yangu kubwa haikuzitikisa. Zilikuwa palepale kwenye alama nyekundu.

Nikaingia bafuni kwa Dahabo. Sinki yenye ile pembe iliyomeguka ipo. Nikaifungua koki ya ukutani na ikanitokea mkononi. Meno ya ndani yamekwisha, laini kabisa, na kigurudumu kinang'aa kwa kushikwa. Nikatabasamu. Nilijua. Miaka hiyo yote alikuwa anaizungusha, anafunga, anafungua, na tope lile halikupata nafasi ya kushika.

Nikaenda kwa Sahra nikidhani huko ni kutu tu inavujisha. Nikaishika koki yake, ikazunguka mkononi mwangu bure, haina kitu. Nikaitoa, nikaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Meno yamekwisha. Kigurudumu kinang'aa.

Vijana, nimewaambia nimeshtuka mara nyingi katika kazi hii. Ile mara niliketi juu ya ndoo. Mimi sikuwahi kumwambia Sahra neno. Dahabo asingemwambia kamwe.

Sahra alikuwa upande wa pili wa mlango, anasubiri nimalize. Nikamwita kwa jina la yule binti yake, "Mama Ifrah, koki yako hii mbona imechakaa hivi?"

 Akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, nifungie ingine ngumu. Mama Hassan mgongo inamuuma siku hizi. Nikisikia anafua, mimi nafunga yangu, maji iende kwake yote, amalize haraka."  "Yeye hajui. Usimwambie, tafadhali. Atakataa."

Machozi yalinitoka, sioni haya kuwaambia. Nikaahidi. Nimekuwa naahidi tu katika nyumba ile.

Nilipotokea sebuleni nikiwa na koki mbili mbovu mkononi, Haji alikuwa ananingoja. Akazichukua, moja kila kiganja, akazipima uzito kwa macho yaliyofumbwa nusu. Ndevu zake sasa zilikuwa nyeupe, hazikuhitaji hina kuonekana.

"Zote mbili?" akauliza. "Bamoja?"

"Pamoja, Haji. Zimechakaa sawa."

Akajigusa bega la kulia, akajigusa la kushoto, na uso wake wote ukanyooka kwa furaha. "Umeona, fundi? Nilikuambia tangu siku ile ya sinki. Katika nyumba yangu hata kuharibika ni haki sawa. Mke gani anaweza kunilalamikia?"

 Nikazipaka mafuta koki mbili mpya, nikarudi ndani, nikazifunga, kila moja pale mkono wa mwenye bafu unapofika.